Mimea Mitatu ya Henning

Soest, Jumapili, 23 Juni 2024

Mpendwa dada yangu Hedda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kisiwani, na kwamba sikio lako la kushoto halijaanza kuiga la kulia. Mimi sijambo. Goti linalalamika ninapopanda ngazi, na siku hizi ninapanda ngazi mno. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya msimu wa mboga ya asparaga. Nilinunua kilo moja sokoni, nikaila peke yangu na viazi na siagi, nikaona kilo ni nyingi. Waridi aliloliacha marehemu mke wangu Gerlinde limefika mpaka dirisha la jikoni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ulifanya kazi ya kitalu miaka thelathini na minane, kwa hiyo ninakuuliza wewe mtaalamu, si wewe dada. Darini mwangu, chini ya dirisha la paa, kuna mimea mitatu ya bangi. Umesoma sawasawa, huna haja ya kurudia sentensi. Sheria mpya inamruhusu mtu mzima kuotesha mimea mitatu nyumbani anamoishi. Ni ya mwanangu Henning, na Henning anaishi hapa. Mlango nimeufunga kwa kufuli ili watoto wasiifikie, kama sheria inavyotaka, ingawa mtoto wa mwisho kulelewa katika nyumba hii alikuwa yeye.

Kwa sasa Henning hayupo. Amesafiri. Mimea imebaki mikononi mwangu, na majani ya chini yanageuka manjano. Yalianza mawili, leo ni kumi na moja. Ninaimwagilia kila siku saa moja kamili asubuhi, kila mmoja robo lita, kwa kikombe chenye alama. Sijakosa hata siku moja. Kosa liko wapi?

Naomba unijibu kwa barua. Kwenye simu wewe husikii na mimi ninapayuka.

Kakako,
Ewald


Nieblum, kisiwani Föhr, 29 Juni 2024

Kaka Ewald,

Barua yako nimeipata jana, nimeisoma mara tatu, nimekunywa kinywaji kikali, nikaisoma mara ya nne. Ewald Tiemeyer na bangi! Laiti Gerlinde angekuwepo, angecheka mpaka akae chini.

Mimi niko salama. Wageni wa kiangazi wamejaa, baiskeli zao zinapita kwenye ua wangu kana kwamba ni barabara. Sikio bado ni moja, na linatosha kwa haya yanayosemwa hapa.

Haya, mgonjwa wako. Unaizamisha, kaka. Mmea si mwanafunzi, hauna ratiba. Ukiona majani ya chini yamekuwa njano na yamelegea, ujue mizizi inakosa hewa kwa sababu udongo haukauki. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo unyevu, geuka, shuka ngazi, kanywe kahawa. Na vile visahani vya chini vimwage. Usiuache mmea usimame ndani ya maji kama bata.

Halafu nikuulize na mimi. Mtaalamu wa mimea hiyo ni Henning mwenyewe, kwa nini usimpigie? Amesafiri kwenda wapi? Barua nzima umeandika sentensi mbili tu kumhusu. Umeandika mengi zaidi kuhusu asparaga.

Dadako,
Hedda


Soest, 10 Julai 2024

Mpendwa Hedda,

Nashukuru kwa majibu yako. Hapa tuna joto. Jirani wa kushoto ameng'oa ua wake wa miti akaweka wa plastiki, nami nimeacha kumwamkia.

Kwanza, si “yamekuwa njano”. Yamekuwa ya manjano. Pili, ulikuwa sahihi kuhusu maji. Nimevimwaga visahani, kidole ninakitumia, na yale ya chini yameacha kulegea. Lakini sasa machipukizi ya juu, yale machanga kabisa, yanatoka yamepauka. Mishipa ya jani ni ya kijani, na katikati ya mishipa ni manjano, mithili ya ramani ya mito. Ninapanda kuyatazama mara kumi na moja kwa siku. Nikikaa kusoma, ninafika nusu ya ukurasa, ninasimama.

Umeuliza kwa nini simpigii Henning. Simu yake ameizima tangu tarehe 9 Juni. Hakuniambia anakwenda wapi. Mlangoni alisema, “Imwagilie, kama unaweza,” akaondoka.

Hilo “kama unaweza” unalielewa wewe peke yako, kwa hiyo sitalieleza sana. Mwaka 1994, alipokuwa na miaka kumi na sita, niliukuta mmea wake mmoja nyuma ya banda la baiskeli. Nikautia ndani ya ndoo, nikaupeleka kituo cha polisi mimi mwenyewe, na yeye akinifuata nyuma. Mkuu wa zamu aliniambia, “Mwalimu, si ungeutupa tu?” Nikamjibu kwamba sheria haisemi kutupa. Nikaomba hati ya kupokelewa, nikapewa. Henning alifagia bustani ya mji majuma sita mbele ya darasa lake zima.

Sasa, Hedda, fikiria mimea hii ikifa mikononi mwangu. Atarudi, atatazama vyungu, wala hataniuliza kitu. Ataamini kwamba niliiua. Hakuna maneno yatakayomwondoa hapo. Kwa hiyo nieleze vizuri kuhusu yale ya juu, na unieleze haraka.

Ewald


Nieblum, 2 Agosti 2024

Kaka,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mara hiki, mara kile. Chumba cha juu kilihitaji kusafishwa, na godoro la zamani halilaliki tena. Njegere nimevuna, nusu nimegandisha. Jumamosi tulikula kome kutoka kwa jirani yangu Boysen, wanono ajabu.

Kuhusu majani ya juu. Ni maji yenu ya bomba. Tazama birika lako lilivyojaa gamba jeupe. Hiyo ni chokaa, na chokaa inaufunga udongo, mmea unaona madini ya chuma lakini hauyafikii. Achana na bomba kabisa. Tumia maji ya mvua kutoka kwenye pipa la bustanini. Mmea wa kushoto, wenye chungu chenye ufa, upe kidogo kuliko mingine, huo haukuwa mnywaji tangu mwanzo. Wa kati ndio mlafi. Ule wa kulia usiugeuzegeuze, unanuna.

Na baada ya majuma mawili, majani makubwa ya zamani yakianza kugeuka manjano yote kwa pamoja, kuanzia nchani, hiyo itakuwa njaa. Hamisha kwenye vyungu vikubwa. Vipo kwenye banda, nyuma ya mashine ya kukatia nyasi.

Usiwe na wasiwasi sana. Lala.

Hedda


Soest, 8 Agosti 2024

Mpendwa Hedda,

Nimefurahi kusikia habari za njegere. Hapa ngano imekatwa, vumbi liko kila mahali, na goti limezoea ngazi.

Maji ya mvua yamesaidia. Vyungu vikubwa nimevipata, vilikuwa nyuma ya mashine ya kukatia nyasi kama ulivyosema. Wewe hujaingia kwenye banda langu tangu mazishi ya Gerlinde, na wakati huo mashine hiyo sikuwa nayo. Vilevile sijataja ufa wa chungu katika barua yoyote. Aidha umeandika “tulikula kome”. Umekuwa mjane tangu 2011, na paka wako hali kome. Ulinieleza mwenyewe kwamba wanamtapisha.

Nilisahihisha insha za watu kwa miaka arobaini. Nafsi ya kwanza wingi naijua ninapoiona. Safari hii sisahihishi, wala siulizi. Ninaomba tu kwamba nafsi hiyo ipate chakula cha moto mara mbili kwa siku, kwa maana ikiachwa itakula mkate na jibini mpaka ijisahau.

Haya yafuatayo waweza kuyasoma kwa sauti mezani, ukipenda. Njaa uliyoitabiri imefika mapema. Kwa kuwa mbolea ya dukani siiamini, nimekata majani ya ule mmea wa kando ya uzio unaowasha kama upupu, nikayaloweka ndani ya ndoo ya maji ili yaoze, kama alivyofanya mama kwa nyanya zake. Kwa kuogopa kuyasahau, ndoo nimeiweka ndani, ngazini. Harufu yake sina la kuilinganisha nayo. Mletaji wa barua amenishauri nimwite fundi wa mabomba.

Baiskeli iliyo bandani nimeiziba pancha. Barua tatu zilizofika kwa jina la Henning nimeziweka juu ya kitanda chake, hazijafunguliwa.

Ewald


Nieblum, 25 Agosti 2024

Kaka Ewald,

Loo, hupitwi na kitu. Shuleni walikuogopa kwa haki.

Niliapa kutomtaja mtu yeyote, na kiapo changu nakishika. Hakuna aliyeniapisha kuhusu paka. Basi nikupe habari za paka. Alikuja tarehe 11 Julai na mkoba mmoja. Majuma mawili alilala mchana na kutembea usiku. Sasa analala mpaka saa mbili asubuhi kama mtu, na amenitengenezea madirisha mawili ya upande wa bahari yaliyokuwa hayafungi. Boysen ameyaona, naye anataka lake. Paka ana kazi ya mikono, unajua hivyo.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Paka alisikiliza akiwa amegeukia dirisha. Nilipofika kwenye ndoo ya ngazini, aligeuka.

“Shangazi, huyo mzee anaozesha majani ndani ya nyumba?”

“Ndivyo alivyoandika.”

“Ngazini? Lakini yanawekwa nje! Mama yake aliweka nje, mwisho wa bustani, karibu na mpaka wa jirani!”

“Yeye na jirani hawaamkiani,” nikamwambia, “angeweza kuweka tu.”

Akacheka, kaka. Nilisogeza vikombe nikijifanya ninatafuta sukari.

Akaniachia maagizo haya: nusu lita ya maji hayo kwa lita kumi za maji ya mvua, si zaidi, utaichoma mizizi. Na anauliza mbona huandiki chochote kuhusu maua. Mwishoni mwa Agosti lazima pawe na vishada vidogo vyeupe kwenye vifundo. Anataka kujua darini kukoje usiku. Pana mwanga wowote? Taa ya barabarani inaingia?

Hedda


Soest, 14 Septemba 2024

Mpendwa Hedda,

Natumaini wewe na paka wako hamjambo. Hapa mvua imeanza, matufaha yameanguka mengi, nimepika chupa tisa za jemu na sijui nitamlisha nani.

Maua hakuna. Mimea inazidi kurefuka, imegusa kioo cha paa, na majani yanaendelea kudondoka kutoka chini. Mmoja, ule wa chungu chenye ufa, ulikufa Jumanne. Ulinyauka asubuhi, jioni ukainama. Sijautoa. Upo pale pale ili aone kwamba sikuuficha.

Kuna jambo sijawahi kukuandikia, na wewe hukuniuliza, nakushukuru. Tarehe 9 Juni tulikuwa tukila chakula cha mchana. Henning alikuwa amekaa miezi minane katika nyumba hii tangu aachane na Birte, na hatukuwahi kuzungumza lolote isipokuwa hali ya hewa na jinsi ya kutenganisha takataka. Siku hiyo aliweka uma chini. Akasema, “Baba, siwezi nikaendelea hivi.”

Nikamwambia, “Siwezi kuendelea.”

Nilisahihisha, Hedda. Mdomo ulitangulia. Baada ya “siwezi” kitenzi hukaa katika hali ya “ku-”, isiyotaja nafsi. Nimelifundisha hilo maelfu ya mara na mdomo haukungoja. Henning aliinuka mezani. Akasema, “Basi, umesema mwenyewe.” Akapanda darini, akashuka na mkoba.

Sijui alitaka kusema nini baada ya pale. Ninapanda ngazi na kushuka nikijaribu kuimalizia sentensi yake, na kila ninavyoimalizia inanitisha. Hiyo ndiyo sababu mimea lazima iishi. Ni kitu pekee alichoniomba.

Ewald


Kadi ya posta, Nieblum, 19 Septemba 2024

Kaka, paka amesoma mwenyewe safari hii, kisha akatoka nje kwenye mvua na hajala. Atakula, niko naye. Lakini swali la taa hukulijibu. Darini usiku kuna mwanga au hakuna? Jibu hilo tu. H.


Soest, 27 Septemba 2024

Mpendwa Hedda,

Kuna mwanga.

Taa ya mezani ya Henning imewekwa kwenye kizingiti cha dirisha dogo la upande wa reli. Ninaiwasha jua linapotua na kuizima kunapokucha, tangu tarehe 9 Juni. Mtu anayeshuka kwenye treni ya mwisho huiona tangu darajani. Nilikwenda mwenyewe kuhakikisha, nikasimama darajani kwa robo saa, na inaonekana vizuri. Alipokuwa mdogo alikuwa hapendi kufika katika nyumba iliyolala.

Nimekwenda maktaba, nimesoma. Sasa najua ulichotaka kuniambia. Bangi haitoi maua mpaka ipate usiku mrefu wa giza tupu, na taa hata ndogo inaidanganya kwamba bado ni kiangazi. Inaendelea kurefuka, inakula kila kilichomo kwenye chungu, halafu inanyonya majani yake yenyewe mpaka yanakuwa ya manjano na kuanguka. Kwa hiyo si maji, si chokaa, wala si njaa ya kawaida. Mgonjwa nilikuwa nikimtia ugonjwa kila jioni kwa mkono wangu.

Natambua kinachotakiwa. Nizime taa, mimea miwili iliyobaki huenda ikapona. Nimejaribu. Jumatatu niliizima saa moja na nusu, nikashuka, nikakaa kwenye kiti cha ukumbini na koti langu limenikaa mwilini. Saa nne usiku treni ya mwisho ilipopiga honi nilikuwa juu tayari, na taa inawaka.

Mwambie paka wako kwamba ninasikitika kuhusu mimea. Taa siwezi kuizima.

Ewald


Nieblum, 9 Oktoba 2024

Kaka Ewald,

Hii imechelewa kwa sababu ya upepo. Meli hazikuvuka kwa siku nne na mfuko wa barua ulilala bara. Yako niliipata tarehe 7 jioni, imelowa pembeni. Sikuisoma kwa sauti, sauti yangu isingefika mwisho. Nilimpa Henning. Ndiyo, Henning. Kiapo nimekivunja na yeye mwenyewe ameniruhusu.

Aliisoma amesimama, chini ya taa ya jikoni. Akaisoma tena amekaa.

“Kila usiku?” akaniuliza.

“Ndivyo anavyosema. Na kaka yangu hana ufundi wa kudanganya, hakuwahi kujifunza.”

“Tangu Juni? Siku mia moja na kitu? Na goti lile?”

“Na goti lile.”

“Mjinga sana yule mzee,” akasema. “Ameiua mimea yote kwa ajili ya...” Akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Nikamwacha. Nimezaliwa katika ukoo huu, najua hatuzungumzi ukitutazama. Baada ya muda akaniita akiwa bado amenipa mgongo.

“Shangazi, ukimwandikia, mwambie azime taa.”

“Mwambie mwenyewe.”

“Mwambie azime. Njia ninaijua.”

Basi nimekwambia. Anamalizia dirisha la Boysen, atavuka Jumanne tarehe 15 kama bahari itakubali. Usimpikie karamu, usisimame kituoni kama bendera. Na Ewald, akianza kuongea, tia mkate mdomoni na utafune.

Dadako,
Hedda


Soest, Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mpendwa dada yangu Hedda,

Natumaini dhoruba haikung'oa vigae vyako. Hapa majani ya mitini yanaanguka na jirani ana mashine ya kuyapuliza, lakini leo sina nafasi ya kumsema.

Henning hakuja kwa treni ya usiku. Alifika Jumatano saa nne asubuhi, kweupe, nami nilikuwa nimepiga magoti jikoni nikisugua visahani. Alisimama mlangoni.

“Hujambo, baba.”

“Sijambo. Umekonda.”

“Na wewe unanuka,” akasema. “Ni ile ndoo?”

Ndoo niliimwaga zamani, lakini inaelekea ngazi zimeihifadhi. Tukapanda. Aliitazama mimea kwa muda mrefu, ule uliokufa na ile miwili iliyobaki, mirefu, myembamba, imepauka, na majani machache kileleni. Alilichuma jani moja, akalipitisha kati ya vidole likavunjika. Nilikuwa nimejiandaa na maelezo. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye karatasi, kwa tarehe. Hakuyahitaji. Aliketi juu ya kitanda chake, akazisogeza zile barua tatu, akaniambia niketi na mimi, kwenye kiti.

Akasema aliyotaka kusema. Hayo sitayaandika, ni yake. Yalichukua asubuhi yote. Kuna mahali alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani amemaliza, lakini sikufungua mdomo, na hakuwa amemaliza. Nilikuwa nimekosea, Hedda, katika kila namna niliyojaribu kuimalizia sentensi yake. Baadhi ya nilizoziwaza zilikuwa mbaya kuliko ukweli. Moja haikuwa mbaya kiasi cha ukweli. Tumekubaliana kwamba atamwona daktari huko kwenu, yule uliyemtajia, na kwamba nisimuulize kila siku.

Mimea anasema haifai tena, baridi itaifikia kabla ya kutoa maua. Kesho tutaikata na kuitia kwenye shimo la mboji. Nilimwuliza kama ananidai mimea mitatu. Alicheka kwa pua, kama mama yake.

Anarudi kisiwani Alhamisi. Boysen amempa kazi ya madirisha mpaka masika, nawe umempa chumba, nami nimempa jemu chupa saba. Mbili ni zako. Nilitaka kumwuliza ni lini atakuja tena, nikaona ni mapema. Badala yake nilimwuliza kama ninaruhusiwa kumwandikia yeye mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

Alisema, “Anwani si unayo?”

Kwa hiyo nisamehe kwa kuwa barua hii nimeifanya fupi. Kuna nyingine ninayotakiwa kuianza, na ninataka imtangulie kufika.

Kakako akupendaye,
Ewald